Meli Chini ya Milima ya Livingstone

Milima inayosimama upande wa mashariki wa Kyela ina jina la mtu ambaye hakuifikia. Dk. David Livingstone alifika kusini mwa Ziwa Nyasa tarehe 16 Septemba 1859, na mwaka 1861 alirudi na mashua akafuata pwani ya magharibi kuelekea juu. Safari hiyo hakuimaliza. Aligeuka kabla ya kuiona ncha ya kaskazini, na alipofariki mwaka 1873 Wazungu walikuwa bado hawajui ziwa hili linaishia wapi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1875, E. D. Young, aliyekuwa baharia wa jeshi la maji la Uingereza, alikuja na wamisionari wa Kiskoti na meli ndogo ya mvuke iliyoitwa Ilala, akalizunguka ziwa hadi huku kwetu. Ndipo alipouona ukuta mrefu wa milima ukitumbukia majini, akaupa jina la marehemu.

Huo ndio mwanzo wa habari nyingi za pwani ile katika vitabu: mgeni akiwa juu ya meli, akitazama. Mimi pia niliitazama mara ya kwanza nikiwa juu ya meli, ingawa si mgeni. Nimefikiri sana tangu siku ile juu ya jambo moja, nami nataka kulieleza hapa, kwamba uzuri wa pwani ile na taabu ya watu wake vimetoka katika jiwe moja. Hatuwezi kusifu kimoja tukanyamazia kingine.

Sisi wa Busale tunakaa katika vilima, palipo na migomba na kakao, na asubuhi baada ya mvua milima ile huonekana wazi, ya rangi ya buluu, na mistari myeupe ya maporomoko ya maji. Mtoto wa kwetu hukua akiijua kama anavyojua paa la nyumba ya jirani. Jua hutokea kwake, na mawingu ya mvua hukaa juu yake. Lakini kuijua kwa mbali ni jambo moja, na kupita chini yake ni jambo jingine. Kati yetu na milima hiyo kuna tambarare ya mpunga ambayo mito Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo imeijenga kwa udongo wake kwa maelfu ya miaka. Mito hiyo ndiyo inayotulisha. Hali kadhalika, mchanga wa mto Kiwira ndio uliokuja kuisumbua bandari ya Itungi, kwa maana mto hauchagui pa kumwaga mzigo wake.

Mwaka 1993, mwezi wa Julai, kaka yangu alikuwa akifanya kazi Mbinga, nami nilitakiwa kumfikia kwa shughuli ya ukoo. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mabasi: Kyela hadi Mbeya, Mbeya hadi Makambako, kisha Njombe, Songea na Mbinga, zaidi ya kilomita 600 za kuzunguka nyuma ya milima. Ya pili ilikuwa ya maji, kutoka Itungi hadi Mbamba Bay kwa meli ya MV Songea, na kutoka hapo kupanda mlima kwa gari hadi Mbinga. Nilichagua maji. Sikuwa nimepanda meli maishani mwangu.

Pale Itungi kulikuwa na magunia ya mchele, mikungu ya ndizi, madumu ya mafuta ya taa, makreti ya soda, kuku waliofungwa miguu, na watu wengi kuliko nilivyodhani. Nilitafuta mahali pa kukaa sitahani, upande wa kushoto, kwa kuwa baharia mmoja aliniambia, "Kijana, kama hujawahi kusafiri, kaa huku. Milima utaiona yote." Akasema kweli. Baada ya kuiacha pwani ya matete, tambarare ya Kyela ilishuka nyuma yetu ikawa mstari mwembamba wa kijani, na Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu meta 2,960, ukabaki peke yake juu ya mawingu. Kisha upande wa kushoto ukuta ukaanza.

Sijui namna nzuri ya kuueleza ila kwa hesabu. Uso wa ziwa uko kiasi cha meta 470 juu ya bahari. Kilele cha ukuta ule kinapita meta 2,000. Mtu akiwa melini, basi, anatazama jabali na misitu vikipanda zaidi ya meta 1,500 kutoka majini, na kwa sehemu nyingi hakuna hata ufuko wa mchanga. Wala ukuta hauishii penye maji. Ziwa hili, katika vilindi vyake, lina kina cha karibu meta 700. Wataalamu wa miamba wanaeleza kwamba hili ni tawi la magharibi la Bonde la Ufa. Ardhi ilipasuka, upande mmoja ukadidimia, mwingine ukainuka, na maji yakajaa katika ufa. Meli yetu ilikuwa ikipita katikati ya mlima mmoja mrefu, nusu yake ikiwa hewani na nusu yake chini ya miguu yetu.

Huko juu, tusikokuona kutoka sitahani, wanakaa Wakinga, katika baridi ya viazi, ngano na pareto. Chini, penye vipande vidogo vya ardhi vilivyobaki kati ya jabali na maji, wanakaa Wakisi, watu wa uvuvi na ufinyanzi. Wanawake wa Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema, wanafinyanga vyungu vinavyojulikana pande zote za ncha ya ziwa. Vyungu hivyo husafirishwa kwa mitumbwi hadi mnada wa Lyulilo, hufika Kyela, na vingine huvuka hadi Malawi. Mimi nimekula maharage yaliyopikwa katika vyungu hivyo tangu utotoni, lakini siku ile ndiyo niliyoona kwamba aliyevifinyanga hana shamba la kutosha kulima. Udongo wa mfinyanzi na samaki ndivyo alivyoachiwa na milima.

Karibu nami alikaa mama mmoja wa makamo, Mkisi, aliyekuwa amekwenda Kyela kuuza vyungu na sasa alikuwa akirudi Lumbila na mchele. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitika, "Marahaba, mwanangu." Baadaye, akiona shingo yangu imegeukia upande mmoja kwa muda mrefu, akaniuliza ninatazama nini.

"Milima, mama. Inapendeza sana."

"Inapendeza," akasema. "Ukiwa na mgonjwa haipendezi."

Kisha akanieleza, bila kupaza sauti, habari ya binti yake. Alishikwa na uchungu wa kuzaa siku ambayo meli haikuwapo. Kupanda mlima na mjamzito hakukuwezekana. Wakamlaza katika mtumbwi wapite kando kando ya jabali hadi Matema, penye hospitali, lakini ulikuwa wakati wa mwera, ule upepo wa kusini unaovuma miezi hii ya katikati ya mwaka. Mawimbi yakawarudisha pwani mara mbili. Mara ya tatu walifika. Binti alipona, mtoto hakupona. "Ndiyo maana mimi sipendi kuitazama," akamaliza. Baada ya kimya kidogo akaongeza neno ambalo limekaa moyoni mwangu kuliko yote: "Lakini wazee wetu walisema milima hii iliwaficha. Vita vilipokuja, adui alichoka kushuka."

Ndugu msomaji, katika maneno hayo machache kuna historia nzima ya pwani ile. Karne ya 19 ilikuwa ya misukosuko kuzunguka ziwa hili. Wangoni walikuwa wamefika kutoka kusini, na biashara ya utumwa ilivusha watu kwa majahazi kwenda pwani ya Bahari ya Hindi. Upande wa pili, Karonga, mfanyabiashara Mlozi alipigana na Waingereza tangu mwaka 1887 hadi alipokamatwa na kunyongwa mwaka 1895. Mahali pasipo na njia palikuwa na usalama wake. Jabali lililomzuia daktari asishuke ndilo lililomzuia mtekaji.

Tulipofika mbele ya Lumbila meli haikufunga gati, kwani halikuwapo. Ilipiga honi, ikapunguza mwendo, na mitumbwi ikaja kutoka pwani. Yule mama aliteremshiwa mchele wake, kisha yeye mwenyewe akashuka kwa kushikwa mikono. Wengine wakapanda na vikapu vya dagaa na samaki aina ya mbasa. Yote hayo yalifanyika majini, kwa kelele na vicheko, kwa ustadi ambao mimi niliyezaliwa penye ardhi kavu niliustaajabia.

Mahali pale, Lumbila, ndipo Wajerumani walipojenga boma lao la kwanza katika pembe hii ya nchi, mwaka 1893, wakaliita Langenburg. Waliifikia kwa meli. Meli yao iliitwa Hermann von Wissmann, na fedha zake zilichangwa Ujerumani kwa jina la vita dhidi ya utumwa. Ililetwa vipande vipande kupitia mito Zambezi na Shire, ikaunganishwa kusini mwa ziwa, ikashushwa majini mwaka huo huo wa 1893. Hata wao walishindwa na mahali penyewe. Maji yalikuwa mlangoni na jabali mgongoni, na joto la pwani halikuwafaa. Baada ya miaka michache makao ya wilaya yalihamishiwa juu, penye baridi, yakaitwa Langenburg Mpya, ndiyo Tukuyu ya sasa. Mkoloni aliweza kuhama. Mkisi alibaki.

Sharti niseme neno juu ya hao walioleta meli hizo. Vitabu vinawataja makapteni na maaskofu. Lakini maporomoko ya mto Shire hayapitiki kwa meli, na kila kipande cha Ilala mwaka 1875 kilipita hapo mabegani mwa wapagazi, mamia yao. Meli ya wamisionari wa Kianglikana, Chauncy Maples, iliyoshushwa ziwani mwaka 1901, ilitoka Scotland ikiwa imefunguliwa vipande 3,481, na boila yake ilivutwa nchi kavu kwa kamba na mamia ya Wangoni. Jina lake lilikuwa la askofu aliyezama katika ziwa hili hili mwaka 1895. Walioivuta hawakuandikwa ubavuni mwa meli yoyote. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba usafiri wa meli ziwani uliletwa na Wazungu, ninamjibu kwamba uliletwa na Wazungu ukabebwa na Waafrika.

Nimesoma baadaye kwamba mwaka huo huo wa 1893, mwezi wa Julai, mbali sana kaskazini, kapteni mmoja wa Norway aitwaye Richard With alianza safari za kila wiki kwa meli ya mvuke Vesteraalen kutoka Trondheim hadi Hammerfest. Nchi ile nayo ina milima inayotumbukia majini. Vijiji vyake vilikaa penye vipande vya ardhi chini ya majabali, na barua kutoka kusini iliweza kuchukua wiki tatu wakati wa kiangazi na hata miezi mitano wakati wa baridi. Meli ya With ilibeba barua, samaki na abiria wa kawaida. Leo safari za njia hiyo, iitwayo Hurtigruten, ni miongoni mwa zinazosifiwa sana duniani, na watu wa nchi za mbali hulipa fedha nyingi kusimama sitahani na kutazama yale majabali.

Nalinganisha mambo haya si kwa kuona wivu. Nataka tuone kwamba mwanzo ulikuwa mmoja. Kule pia milima ilikuwa kwanza kizuizi, na meli ilikuwa barabara. Wao walihakikisha kwamba meli inafika kila juma, msimu hata msimu, hadi mvuvi wa kijiji cha mwisho akaweza kupanga maisha yake kwa kuitegemea. Sifa za mandhari zilikuja juu ya msingi huo. Ziwani kwetu, mwaka ule ule wa 1893, meli ilikuja kwa ajili ya boma. Haikuulizwa inamfaa nini mwanamke wa Lumbila. Tangu hapo kila aliyetawala amekuta swali hilo mezani, na amelijibu kwa kadiri ya uwezo na nia yake.

Usiku ulitukuta kabla ya Lupingu. Mlima ukawa giza juu ya giza jingine, na chini yake mioto michache ya wakazi, kila mmoja mbali na mwenzake. Juu ya maji taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa nyingi kuliko za nchi kavu. Upepo ulizidi, meli ikaanza kuinama, na watu kadhaa waliokuwa wakisimulia vizuri mchana wakanyamaza. Mzee mmoja alitukumbusha habari ya Vipya, meli iliyozama upande wa magharibi tarehe 30 Julai 1946, ikiwa mpya kabisa, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mwenzake akamwomba aache habari hiyo mpaka tufike. Tulicheka, lakini hakuna aliyelala upesi.

Asubuhi, baada ya Manda, milima ilirudi nyuma. Mto Ruhuhu umefungua bonde pale, na pwani inakuwa ya mchanga na mihogo. Tukafika Liuli. Mbele ya bandari hiyo yapo mawe makubwa ambayo wenyeji huyaita Pomonda. Wajerumani waliona ndani yake sura ya simba mwenye kichwa cha mtu, ile sanamu ya Misri, wakapaita Sphinxhafen. Hapo ndipo yalipotokea mapambano ya majini mwanzoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliikuta Hermann von Wissmann ikiwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaipiga mzinga. Kapteni wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, nao walikuwa wamezoea kunywa pamoja. Inasimuliwa kwamba alikuja kwa mashua akiwa na hasira, akitaka kujua rafiki yake amepatwa na wazimu gani. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Akachukuliwa mateka.

Kisa hiki husimuliwa kwa kicheko, na kweli kinachekesha. Lakini vita vile vilivyoanza kama mzaha pale Liuli viliwachukua vijana wa pwani na wa milimani kuwa wapagazi wa majeshi yote mawili, na wengi hawakurudi. Milima haikuwaficha safari ile. Adui hakushuka kutoka juu, alikuja kwa meli.

Wakubwa hao hao walikuwa wamekwisha kulichora ziwa kwenye karatasi. Mkataba wa Heligoland wa tarehe 1 Julai 1890, kati ya Uingereza na Ujerumani, uliupitisha mpaka kwenye ukingo wa ziwa upande wa kwetu hadi mdomo wa mto Songwe. Kwa maandishi hayo, mwanamke wa Ikombe anayechota maji anaweka miguu nchi moja na ndoo nchi nyingine. Tanzania inasema mpaka uwe katikati ya maji, Malawi inashika mkataba. Jambo hilo lilizungumzwa mwaka 1967, likapamba moto tena mwaka 2012, hata wakaingia wasuluhishi wakiongozwa na Joaquim Chissano, rais mstaafu wa Msumbiji. Mimi si mwanasheria. Nasema tu kwamba waliochora hawakuwa na habari ya ndoo.

Miaka imepita tangu safari ile. Meli mpya za mizigo, MV Njombe na MV Ruvuma, zilishushwa ziwani mwaka 2017, na mwaka 2021 ikaanza kazi MV Mbeya II ya abiria, iliyojengwa hapa hapa Kyela. Jambo hilo ni la kushukuru, na nililifurahia zaidi kwa kuwa safari hii hakuna mpagazi aliyebeba vipande kutoka mto Shire. Mafundi walikuwa Watanzania, na meli ilizaliwa penye maji yake.

Siku hizi vijana wetu wanazungumza juu ya utalii, na nawaunga mkono. Matema ina fukwe, milima ina maporomoko, na ziwa lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana penginepo duniani. Waje wageni waone. Lakini tukiwaandalia wageni viti sitahani, tukumbuke utaratibu wa mambo. Meli inayofika Lumbila siku iliyotangazwa, ikiwa na mahali pa kumlaza mjamzito, ndiyo itakayowapa wenyeji nafasi ya kuitazama milima yao kwa macho ya mgeni. Mtu hawezi kusifu ukuta ambao umemfungia mgonjwa wake ndani.

Jina la Livingstone sina ugomvi nalo. Limekwisha kuzoeleka, na hata sisi wa Busale tunalitumia. Ila ninapowaeleza watoto habari za milima ile, siachi kuwaambia kwamba mwenye jina hakuiona, na kwamba wako watu walioiona kila siku ya maisha yao, wakafinyanga vyungu chini yake, wakazikana chini yake, na wakati wa upepo wa mwera wakapiga makasia mara ya tatu.